Somo: Mtoto mchanga aliye hatarini, hatua kwa hatua, na kwa nini joto hutangulia

Assalaam alaykum. Kila wiki naulizwa swali lile lile kwa maneno tofauti: mtoto amezaliwa mdogo, amepoa, hanyonyi, tuanze na nini? Nimechoka kulijibu vipande vipande, kwa hivyo nimeliandika lote mahali pamoja, na atakayeuliza kabla ya kusoma nitamrejesha hapa. Somo ni la wauguzi na wakunga wa vituo vyetu vya Unguja na Pemba. Mzazi anaruhusiwa kulisoma, lakini asilitumie kumtibu mtoto nyumbani.

Aliye hatarini ni aliyezaliwa kabla ya wiki 37, aliye chini ya gramu 2,500 (chini ya 1,500 hatari huzidi), aliyechelewa kulia, mtoto wa mama mwenye kisukari, na yule ambaye mama yake alipata homa au chupa yake ilipasuka mapema.

Hatua ya 1. Mkaushe, ondoa kitambaa kilicholowa, na uhakikishe anapumua ndani ya dakika 1. Asiyepumua baada ya kusuguliwa mgongo apewe pumzi kwa ambu, yaani mfuko wa kusukumia hewa kupitia kinyago, bila kuchelewa.

Hatua ya 2. Joto. Hapa ndipo tunapoharibu, na ndipo nitakapokaa. Joto la kwapani liwe kati ya 36.5 na 37.5, chini ya hapo amepoa, na chini ya 32 uhai wake uko hatarini. Mtoto mdogo hawezi kutetemeka kama sisi, ngozi yake ni nyembamba, na yale mafuta maalumu ya kutengenezea joto hakuwahi kuyaweka akiba kwa sababu alizaliwa mapema. Akipoa hutumia sukari na oksijeni kujipasha, kisha sukari hushuka, pumzi huenda mbio na hatimaye husita, nasi tunakimbilia dripu na mtungi wa oksijeni ilhali chanzo ni baridi ambayo hakuna aliyeipima. Wenzetu hudhani hali ya hewa ya visiwa hivi inamtosha. Haimtoshi: chumba kinachokutoa jasho wewe kinaweza kumpoza mtoto aliyelowa, hasa pangaboi likizunguka juu ya meza ya kumhudumia, na zaidi wakati wa kusi. Zimeni pangaboi, fungeni dirisha, na msimwogeshe kabla ya saa 24. Aliye mdogo sana angoje hadi hali yake itulie.

Njia bora ya kumpa joto ni kifua cha mama, yaani huduma ya kangaruu. Tangu mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani linashauri ianze mara tu baada ya kuzaliwa, saa 8 hadi 24 kwa siku. Ushauri huo ulitokana zaidi na utafiti uliochapishwa mwaka 2021, uliofanyika katika nchi 5, Tanzania ikiwamo, ambapo vifo vya watoto wa kati ya kilo 1 na 1.8 walioanza mapema vilipungua kwa robo vikilinganishwa na wale waliosubiri kutulia kwanza. Mvisheni nepi, kofia na soksi pekee, awekwe wima katikati ya matiti, miguu imekunjwa kama ya chura, uso umegeuzwa upande, kisha kanga ifungwe imara, ukingo wake wa juu ukiishia chini ya sikio.

Tahadhari kubwa ni shingo. Kanga ikilegea mtoto huteleza, kidevu hugusa kifua na njia ya hewa huziba kimya kimya, mama akiamini amelala. Shingo iwe imenyooka kidogo kwa nyuma na uso uonekane wakati wote. Tahadhari ya pili: chupa za maji ya moto zisimkaribie, kwa sababu huunguza kwanza kisha hupoa na kumpoza zaidi. Na mnapomhamisha kutoka kituoni kwenda hospitali ya Wete, Chake Chake au Mkoani, asafiri kifuani. Kumfunga mabunda ya khanga na blangeti huzuia joto kutoka, lakini hakumpi joto asilokuwa nalo.

Hatua ya 3. Hesabu pumzi kwa dakika nzima. Zikizidi 60, mbavu zikiingia ndani, pua ikipanuka, au akiguna kila anapotoa pumzi, mpe oksijeni na umwite daktari. Aliyezaliwa kabla ya wakati na anayepewa oksijeni, kipimo cha oksijeni katika damu yake kibaki kati ya asilimia 90 na 95, kwa sababu oksijeni iliyozidi huharibu mishipa ya macho.

Hatua ya 4. Pima sukari. Ikiwa chini ya 45 mg/dl (au 2.5 kwa mashine zinazopima kwa mmol/l), apewe maziwa kama anaweza, asiyeweza hupewa dekstrosi ya asilimia 10, mililita 2 kwa kila kilo, polepole kwenye mshipa kwa amri ya daktari, na apimwe tena baada ya dakika 30.

Hatua ya 5. Maziwa. Kabla ya wiki 34 za mimba wengi hawawezi kuoanisha kunyonya, kumeza na kupumua, kwa hivyo hulishwa kwa kikombe au kwa mpira unaopitishwa puani hadi tumboni. Mpira hupimwa kuanzia ncha ya pua hadi ndewe ya sikio, kisha hadi katikati ya chembe cha moyo na kitovu. Hakikisha uko tumboni kila kabla ya kulisha, hata kama ulihakikisha saa 3 zilizopita, kwa sababu mtoto akikohoa au akitapika unaweza kuhama. Maziwa yashuke yenyewe kwa uzito wake; usiyasukume kwa bomba. Siku ya kwanza wengi huanzia mililita 60 kwa kilo: mtoto wa kilo 1.6 hupata 96 kwa siku, yaani 12 kila saa 3, na dang'a la mama lisimwagwe hata tone. Tumbo likivimba, akitapika kijani, au choo kikiwa na damu, acha kulisha na umwite daktari papo hapo. Huenda utumbo unaanza kuoza.

Hatua ya 6. Nawa mikono kabla ya kila mtoto. Anayeacha kunyonya ghafla, akalegea, akapoa au akapata homa, mhesabu kuwa ana maambukizi mpaka ithibitike vinginevyo.

Hatua ya 7. Umanjano unaotokea ndani ya saa 24, au uliofika viganjani na nyayoni wakati wowote, si wa kusubiri. Mkague kwenye mwanga wa mchana kwa kubonyeza ngozi na kutazama fizi.

MASWALI YA WANACHAMA

Bin Micheweni: Mtoto ana umanjano, nimpe dawa gani?

Jibu: Ana umri gani, uzito gani, ananyonya? Hukueleza hata kimoja. Rudi Hatua ya 7, kisha mpelekeni hospitali leo.

Bin Micheweni: Mbona unajibu kwa ukali? Bibi yake anasema aanikwe jua la asubuhi tu.

Jibu: Sikukusudia ukali, nimekusudia asicheleweshwe. Bibi hakubuni jambo hilo. Mwaka 1956, katika hospitali ya Rochford huko Uingereza, muuguzi mmoja, Sista Ward, aliyekuwa akiwatoa watoto bustanini, aliwaonyesha madaktari mtoto aliyepauka mwili mzima isipokuwa pembetatu ya manjano pale shuka ilipomfunika. Mashine zetu za mwanga wa buluu zinazotibu umanjano zilitokana na jicho lake. Lakini jua halipimiki: huunguza ngozi, na mtoto aliyevuliwa nguo kwenye upepo hupoa. Chini ya mashine hufunikwa macho, hubaki na nepi, hulishwa zaidi, na joto lake hupimwa mara kwa mara.

Mkunga_Mkoani: Nikimgusa kwa mkono nikaona ana joto, bado nipime?

Jibu: Ndiyo. Pima.

Mwanafunzi_Mbweni: Shikamoo mwalimu. Kwa nini mtoto aliyezaliwa wiki ya 30 husita kupumua hata kama mapafu yake yako sawa?

Jibu: Marahaba mwanangu, umeuliza vizuri. Sehemu ya ubongo inayoamuru pumzi bado haijakomaa, na koo lake ni laini kiasi cha kujifunga kwa urahisi. Tunahesabu kuwa amesita akikaa zaidi ya sekunde 20, au chini ya hapo ikiwa mapigo ya moyo yameshuka chini ya 100 au amegeuka rangi. Msugue nyayo au mgongo, nyoosha shingo, na asipoitikia tumia ambu. Kisha tafuta kichochezi: joto, sukari, maambukizi. Daktari huweza kumwanzishia kafeini, ambayo huamsha hiyo sehemu ya ubongo, na wengi huacha kusita wanapokaribia wiki 37 zikihesabiwa tangu mimba. Zingatia jambo moja: mtoto aliyetimiza miezi akianza kusita kupumua, usiseme ni uchanga, tafuta maambukizi au degedege.

MamaMapacha_Wete: Wanangu wana kilo 1.5 kila mmoja. Je, naweza kuwabeba wote pamoja, na babu yao anaweza kuwafanyia tahniki (kuwapaka tende au asali kinywani)?

Jibu: Hongera, Mungu awakuze. Kifua kinawatosha wote wawili, na ukichoka baba au shangazi akupokee mmoja. Adhana haina ubaya, isomwe hata wakiwa kifuani. Tahniki ingoje mpaka daktari aseme wanameza salama, na asali isitumike kabla ya mwaka 1, kwa sababu inaweza kubeba vijidudu vya sumu ya kulegeza misuli.

Mkunga_Mkoani: Nyongeza yangu: waulizeni nguo za mtoto zilihifadhiwa na nini.

Jibu: Ahsante, hili nililisahau. Vile vidonge vyeupe vya nafthalini vinavyowekwa masandukuni huvunja chembe za damu za mtoto mwenye upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, ambao upo sana katika mwambao wetu, na umanjano hupanda kwa kasi. Kufua hakutoshi kuaminika. Mvisheni nguo ambazo hazijawahi kukaa na vidonge hivyo, na mwelezeni daktari kama tayari amezivaa.