Rangi za brandi yako: jinsi ya kuzilinda BRELA hatua kwa hatua

Kabla hujalipia chochote elewa hili kwanza, maana linachanganya watu kila siku: cheti cha jina la biashara ulichochukua BRELA (wakala wa serikali wa usajili wa biashara na leseni) sio ulinzi wa brandi. Jina la biashara ni jambo moja, alama ya biashara (ishara kama nembo au neno linalotofautisha bidhaa zako na za wengine) ni jambo lingine, maombi yake yanajitegemea na ada yake pia. Mimi naandaa maombi haya kwa watu wa viungo, sabuni, maji na nguo hapa Dar, na mtu akija kuniambia anataka "kusajili kijani yake" namwambia, "Bosi wangu, tulia, rangi tupu usianze nayo, anza na nembo halafu rangi uifunge humo ndani."

Sababu ni sheria yenyewe. Sheria ya Alama za Biashara na Huduma ya 1986 inaongelea ishara inayoonekana na inayoweza kuchorwa, inataja neno, jina, lebo, sahihi, herufi, namba na mchanganyiko wake, rangi peke yake haimo kwenye orodha. Ila inakuruhusu kuibana alama yako kwenye rangi fulani, na hapo ndo pa kupitia.

HATUA 1: Angalia kama rangi yako inasema kitu kuhusu wewe au kuhusu bidhaa
Unauza bizari ya manjano halafu unataka umiliki pakiti ya njano? Haiendi hiyo. Nyekundu kwenye pilipili na tomato sosi, kijani kwenye mchicha wa unga, hizo kila mtu anazihitaji. Rangi inayofaa ni ile ambayo haina sababu ya kuwepo hapo, kama zambarau kwenye unga wa sembe.

HATUA 2: Ipe rangi namba
Hapa nakaa kidogo maana ndo watu wengi wanapoharibu. Unakuta mtu ana stika, ana mfuko wa nailoni, ana bango la dukani, vyote "bluu", viweke mezani pamoja uone: stika imekuwa bluu ya bahari, nailoni imeingia uzambarau, bango limepauka na jua. Sasa unalinda ipi hapo? Mwambie mtu wako wa dizaini akupe namba ya Pantone (orodha ya kimataifa ya rangi zenye namba) na vipimo vya CMYK (asilimia za wino nne za kuchapia), viandike, na kila printa apewe hizo hizo. Mahakama ya Ulaya kwenye kesi ya kampuni ya simu ya Libertel mwaka 2003 ilishasema sampuli ya rangi kwenye karatasi haitoshi, kwa sababu inafifia, namba ya kimataifa ndo inashika.

Halafu maneno nayo. Cadbury, wale wa chokoleti, walikuwa na zambarau yao, Pantone 2685C, namba wanayo, umaarufu wanao, wakaangushwa na Mahakama ya Rufani ya Uingereza mwaka 2013 kwa sababu waliandika kwamba hiyo ndo rangi "inayotawala" kwenye kifungashio, yaani ikaacha mlango wazi kwa miundo kibao. Wewe andika rangi ipi, iko wapi, imekaaje. Louboutin, mbunifu wa viatu, na soli yake nyekundu alifanikiwa Marekani mwaka 2012 kwa sababu ilikuwa soli tu, tena pale inapotofautiana na sehemu ya juu ya kiatu.

HATUA 3: Rangi au nyeusi na nyeupe?
Ukisajili nembo bila kuibana kwenye rangi, inahesabiwa imesajiliwa kwa rangi zote. Kwa hiyo kama umbo na jina ndo nguvu yako, peleka nyeusi na nyeupe. Kama watu wanakujua kwa mpangilio wa rangi, bana rangi. Mwenye hela apeleke zote mbili kama maombi mawili, mimi ndo napenda hivyo, ila kwa duka dogo linaloanza nyeusi na nyeupe inatosha.

HATUA 4: Jaza
Fungua akaunti ya ORS (mfumo wa BRELA wa usajili mtandaoni) kwa namba yako ya NIDA, fanya sachi ya alama zinazofanana, chagua daraja, yaani kundi la bidhaa au huduma yako. Yapo 45: sabuni ni la 3, nguo 25, viungo na chai 30, maji na juisi 32, mgahawa 43. Pandisha picha safi ya nembo (sio ile uliyoipiga skrini shoti WhatsApp jamani), pata kontro namba, lipa.

HATUA 5: Subiri ukiwa macho
Msajili akikubali, alama inatangazwa kwenye jarida la alama za biashara, na mtu yeyote ana siku 60 za kupinga. Nawe soma jarida hilo, mwigaji wako anaweza kutokea humo humo ukampinga. Usajili ni miaka 7, baada ya hapo unahuisha kwa miaka kumi kumi.

HATUA 6: Tunza ushahidi wa rangi
Risiti za matangazo, picha za rafu zenye tarehe, pakiti moja ya kila toleo, tia kwenye boksi. Siku ukitaka kudai kwamba wateja wakiona rangi hiyo wanakujua wewe hata bila jina, utaulizwa vitu hivyo.

Na kama mzigo wako unapanda boti kwenda Unguja, usajili wa BRELA unaishia bara. Zanzibar wana wakala wao, BPRA, unaomba upya kule.