Zawadi za visiwani: namna ya kuchagua, kufunga na kuvusha mpakani

Zawadi nyingi kutoka visiwa vya joto huharibiwa na unyevu uliofungiwa mfukoni, na nyingine huishia kwenye pipa la taka la karantini. Kabla ya kutoa pesa jiulize mawili tu: kitu hiki kimekauka sawasawa, na je, ninakokwenda kinaruhusiwa? Ukikwama kwenye moja, kiache.

Viungo

Ndivyo vinavyobebeka kuliko chochote. Nunua vizima, vilivyosagwa hupoteza harufu upesi, na kwenye unga mtu anaweza kuchanganya atakacho bila wewe kujua.

Karafuu ibane kwa ukucha: iliyo nzima hutoa mafuta na harufu papo hapo. Tupa chache kwenye glasi ya maji. Nzuri huzama au husimama wima, kichwa juu. Zilizokwisha kukamuliwa mafuta huelea zimelala. Makonyo yakiwa mengi ndani ya pakiti, unalipia vijiti.

Mdalasini halisi, ule wa Sri Lanka, ni magome membamba mengi yaliyoviringishwa pamoja, na huvunjika kwa vidole. Gome moja nene na gumu, lililojikunja kutoka pande mbili, ni la kasia (cassia), mti wa jamii moja na mdalasini. Kwa chai na pilau linafaa, ila lina kumarini nyingi zaidi, ambayo ikizidi hudhuru ini, na halistahili bei ya ule mwingine. Kungumanga, iwe ya Grenada au ya visiwa vya Banda, inunue ikiwa bado na ganda lake. Itikise: ikigonga ndani, imekauka. Yenye kitundu na unga pembeni tayari ina mdudu, na mdudu huyo atahamia kwenye pakiti za jirani.

Zafarani ya bei poa kwenye masoko ya visiwani mara nyingi ni petali za kartamu, ua jingine lenye rangi inayofanana nayo. Zafarani hutoka nchi kama Iran, Hispania na Kashmiri ya India, wala si zao la visiwa vya joto. Weka nyuzi chache kwenye maji ya baridi: ya kweli hutoa rangi ya manjano polepole, na uzi wenyewe hubaki mwekundu.

Vanila

Hapa ndipo watu hupoteza pesa nyingi zaidi, iwe Madagaska, Komoro, Réunion au Tahiti. Ganda zuri ni jeusi au la kahawia iliyokolea, lina mng'ao, na unaweza kulizungusha kwenye kidole bila kuvunjika. Likikuachia mafuta kidoleni, huenda limepakwa ili lionekane bora. Likivunjika kwa mlio, limekauka kupita kiasi. Bado linafaa kwa kuloweka kwenye kileo ili kutoa ladha, lakini lisiuzwe kama daraja la kwanza.

Jihadhari zaidi na lile laini mno lililofungwa kwenye mfuko ulioondolewa hewa. Kifungashio cha aina hiyo huweza kuficha vanila iliyoharakishwa, ambayo haikukaushwa vya kutosha. Inatoka mfukoni ikiwa nzuri, na baada ya wiki kadhaa imeota kuvu. Mwombe muuzaji aufungue uinuse. Harufu ikiwa kali kama pombe au chachu, rudisha.

Weupe juu ya ganda una maana mbili. Ukimetameta kama vijisindano vidogo vya kioo, ni fuwele za vanilini, yaani kiini cha harufu ya vanila, dalili njema. Ukiwa mkavu usio na mng'ao, mithili ya pamba, ni kuvu. Ukiona vitone vilivyopangwa kama herufi au namba, usidhani ni ugonjwa: Madagaska wakulima huchoma alama zao kwa pini kwenye ganda bichi ili likiibwa litambulike, na alama hizo hubaki hata baada ya kukaushwa.

Zifunge kwenye karatasi ya nta, kisha ndani ya chupa ya kioo au kopo lenye kifuniko. Usiziweke kwenye friji. Huko hukauka na huweza kuota kuvu. Kila mwezi zifungue zipate hewa kidogo, na lenye kuvu liondoe mara moja kabla halijaambukiza mengine.

Vinywaji, mafuta na vitu laini

Kwenye begi la mkononi, vyombo vya kimiminika kwa viwanja vingi vya ndege bado haviruhusiwi kuzidi mililita 100 kila kimoja. Watu husahau kuwa asali, jemu, achari, mafuta ya nazi na hata halua laini vinaweza kuhesabiwa hivyo hivyo. Weka kwenye sanduku la kusajiliwa. Kileo cha kati ya asilimia 24 na 70 kinaruhusiwa hadi lita 5 kwa abiria, kikiwa kwenye chupa za dukani ambazo hazijafunguliwa. Ramu kali inayozidi asilimia 70 hairuhusiwi kabisa ndani ya ndege, hata kwenye sanduku, kwa hiyo soma lebo kabla ya kulipa. Kumbuka pia kuwa kiasi kisichotozwa ushuru huko unakofikia huwa kidogo kuliko hizo lita 5.

Mafuta ya nazi huganda yakipoa na huyeyuka karibu nyuzi 24 za Selsiasi. Dukani penye kiyoyozi kopo linaonekana salama. Likifika juani, linavuja. Acha nafasi ya kidole kimoja juu ya mafuta, zungusha utepe kwenye kifuniko, funga kwa mifuko miwili, kisha liweke katikati ya nguo, mbali na kingo za sanduku. Achari iliyo kwenye chupa ifunge vivyo hivyo. Mafuta yake yenye binzari yakimwagika, hakuna sabuni itakayoirudisha shati nyeupe.

Kahawa ichukue iliyokaangwa, punje nzima, yenye tarehe ya kukaangwa. Mbichi huweza kudai cheti cha afya ya mimea. Lebo ya Hawaii iliyoandikwa "Kona Blend" ina maana ya mchanganyiko wa kahawa ya Kona, eneo la huko Hawaii, na nyingine. Tafuta asilimia ya Kona iliyoandikwa pembeni.

Kazi za mikono

Mti ambao haujakauka ni mzito kuliko umbo lake na huwa baridi ukiugusisha shavuni. Ukifika kwenye hewa kavu hupasuka. Kagua chini ya kinyago: tundu lenye ukingo mkali na unga mweupe laini linaonyesha bungua wako hai. Mpingo wa kweli huzama majini. Mti mwepesi uliopakwa rangi hukuachia weusi ukiusugua kwa kitambaa cheupe chenye maji. Kitu chenye gome usichukue kabisa.

Mikeka na vikapu vya ukili vikunjue vyote na uangalie kwenye mishono. Madoa ya kijivu ni ukungu, na harufu ya ukungu haitoki. Pakacha la makuti mabichi liache hukohuko. Batiki iliyochorwa kwa mkono huwa na rangi karibu sawa pande zote mbili. Iliyochapwa kwa mashine mara nyingi hupauka upande wa nyuma.

Vitu vya magamba ya ng'amba au kasa mwingine usinunue hata ukiambiwa ni vya zamani, kwani biashara yake kimataifa imepigwa marufuku chini ya CITES, mkataba wa kimataifa unaolinda wanyama na mimea iliyo hatarini kutoweka. Matumbawe na makombe makubwa mengi huhitaji kibali. Nazi maarufu ya Shelisheli, coco de mer, nunua tu ile yenye kibali rasmi, na kibali hicho kiweke pamoja na pasipoti.

Mpakani

Umoja wa Ulaya hauruhusu nyama wala maziwa katika mizigo ya abiria kutoka nchi nyingi zilizo nje yake, na matunda huhitaji cheti isipokuwa nanasi, nazi, durian, ndizi na tende. Australia na New Zealand ni wakali zaidi: chakula, mbao, ukili na mbegu vyote vitangazwe kwenye fomu. Ukitangaza kitu kisichoruhusiwa, unakipoteza tu. Ukikificha New Zealand, faini ya papo hapo ni dola 400 za huko.

Ukifika nyumbani, kinyago au kikapu unachoshuku kina wadudu kifunge kwenye mfuko usioingiza hewa, kiweke kwenye friza ya nyuzi 18 chini ya sifuri kwa wiki mbili, kisha kiache kwenye joto la chumba kwa saa 24 kabla ya kuufungua mfuko, umande usije ukaganda juu yake.