Somo: Kulitambua tairi la theluji kwenye gari lililotoka Japani na kuchagua litakalochukua nafasi yake

Ndugu wanachama,

Magari mengi yanayoshushwa Mombasa na kuvuka mpaka wa Malaba au Busia kuja Kampala huwa bado yamevaa matairi yaleyale aliyoyatumia mwenye gari wa kwanza kule Japani. Ikiwa gari lilikuwa la Hokkaido, au la mkoa mwingine wa kaskazini ambako theluji hukaa miezi kadhaa, na likauzwa wakati wa baridi, basi huenda limefika kwenye bondi za Nakawa (yadi ambako magari husubiri kulipiwa ushuru) likiwa na matairi ya theluji. Mnunuzi huona meno marefu, hubonyeza mpira akaukuta laini, na huamini kwamba amepata matairi ambayo hatayabadilisha kwa muda mrefu. Ninaandika somo hili kwa sababu imani hiyo ni ya hatari, na kwa sababu wauzaji wengi hawamwambii mteja ukweli huu hata wanapoujua.

Jambo la kushika kwanza ni kwamba tairi huchaguliwa kwa joto la barabara kabla ya kuchaguliwa kwa sura ya meno. Mpira wa tairi la kawaida huanza kukakamaa joto likishuka chini ya digrii 7 hivi, na ukishakakamaa haung'ati tena barabara. Kwa hiyo watengenezaji wa matairi ya theluji huchanganya mpira unaobaki laini hata chini ya sifuri, kisha kila jino hulitia michano mingi myembamba kana kwamba limechanjwa kwa wembe. Kwenye barafu, michano hiyo hupangusa utando wa maji unaokaa juu ya barafu, ambao ndio hasa unaotelezesha gari, na kingo zake hupata mahali pa kushika. Kwenye theluji, mifereji ya tairi huikamata theluji na kuishindilia ndani yake, kwa kuwa theluji hushikana na theluji nyenzake vizuri kuliko inavyoshikana na mpira.

Lete sasa tairi hilo Kampala, ambako mchana joto la hewa hufika digrii 27 au 28 na lami yenyewe huwa na moto zaidi ya hapo. Mpira uliotengenezwa kwa baridi hulainika kupita kiasi, meno hupinda gari linapokata kona, breki huhitaji nafasi ndefu zaidi ya kusimamisha gari, na tairi huisha upesi. Gari likijazwa watu na mizigo likashika njia ya Gulu kwa mwendo mkali, joto hujikusanya ndani ya tairi, na ikiwa tairi hilo ni kuukuu, uwezekano wa kupasuka huongezeka. Hata Kabale, ambako usiku joto hushuka hadi digrii 10 hivi, hakujafikia baridi ambayo tairi hili lilitengenezewa. Theluji yetu iko Ruwenzori, kwenye vilele kama Margherita chenye mita 5,109, na huko hakuna barabara ya gari.

Hatua ya kwanza ni kusoma ubavu wa tairi, tena matairi yote manne pamoja na la akiba, kwa sababu mara nyingi huchanganywa. Matairi ya theluji ya Kijapani huwa yameandikwa STUDLESS au SNOW. Neno STUDLESS humaanisha kwamba tairi halina misumari ya chuma ya kushika barafu. Japani ilipitisha sheria mwaka 1990 ya kupambana na vumbi lililotokana na misumari ya matairi kukwangua lami, na tangu hapo matairi ya michano ndiyo yaliyotawala huko. Alama nyingine ya kutafuta ni mchoro wa mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji ndani yake, unaoonyesha kwamba tairi limepimwa kwenye theluji na kufaulu. Herufi M+S (matope na theluji) peke yake hazina uzito huo, kwa kuwa hueleza tu mpangilio wa meno, na mtengenezaji huweza kuziweka bila tairi kupita kipimo hicho.

Hatua ya pili ni tarehe. Tafuta neno DOT na ufuate mstari wake hadi kwenye tarakimu nne za mwisho. Tairi lenye 2316 lilitengenezwa katika wiki ya 23 ya mwaka 2016. Kama tarakimu hazionekani upande wa nje, ingia chini ya gari utazame upande wa ndani, kwa sababu mara nyingi huandikwa upande mmoja tu. Watengenezaji wengi hushauri tairi liondolewe likitimiza miaka 10, hata kama meno yake bado ni mazuri. Kumbuka kwamba Uganda huruhusu kuingizwa kwa magari yenye umri wa chini ya miaka 15, hivyo gari linaweza kuwa halali huku matairi yake yameshazeeka.

Hatua ya tatu huwapotosha hata mafundi. Tairi la theluji la Kijapani lina vipimo viwili vya kuisha, vilivyo ndani ya mifereji. Kimoja ni kile cha kawaida cha milimita 1.6, kilichoelekezwa na pembetatu ndogo kwenye bega la tairi. Cha pili ni kirefu zaidi, kimeelekezwa na mshale, na hulingana na meno pale yanapokuwa yameisha nusu; kuanzia hapo Wajapani hulihesabu tairi hilo kuwa halifai tena kwa theluji. Kwa hiyo tairi ambalo machoni petu lina nusu nzima ya maisha yake huenda ndilo lililotupwa na mwenyewe kwa kuwa limekwisha. Ukikuta kipimo cha mshale kimelingana na meno, usikubali kutozwa hata shilingi moja kwa ajili ya matairi hayo.

Hatua ya nne ni kuchagua tairi jipya. Ukubwa ufuate kibandiko kilicho kwenye fremu ya mlango wa dereva. Chukua mfano wa 195/65R15 91H, ukubwa unaoonekana sana kwenye Toyota Wish na Noah: 195 ni upana kwa milimita, 65 ni kimo cha ubavu kwa asilimia ya upana huo, 15 ni kipenyo cha ringi kwa inchi, 91 ni uwezo wa kubeba kilo 615 kwa kila tairi, na H ni mwendo wa hadi kilomita 210 kwa saa. Usishuke chini ya namba ya uzito iliyo kwenye kibandiko, hasa kama gari lako ni la abiria. Kwa gari dogo la mjini na safari za lami, tairi la kawaida lenye mifereji mipana ya kutoa maji linatosha, maana mvua zetu ni nyingi. Kwa anayepanda Buhoma au Bukwo msimu wa mvua, namshauri atafute tairi lenye alama ya A/T (la lami na barabara mbovu pia) ikiwa linapatikana kwa ukubwa wa gari lake.

Upepo wa matairi nao uupime asubuhi kabla gari halijatembea. Kibandiko cha Kijapani huandika upepo kwa kipimo cha kPa ilhali mashine za hapa hutumia kipimo cha PSI. 220 kPa ni PSI 32 hivi, na 230 ni 33.

Maswali ya wanachama

Mwanachama wa Kisoro: Mwalimu, huku kwetu tope la mfinyanzi ni balaa. Je, tairi la theluji lenye meno mengi halitanisaidia?

Jibu: Ndugu yangu, litakusaidia kidogo mwanzoni, kisha litakuangusha. Tairi la theluji hutaka kuishika theluji ndani ya mifereji yake, ilhali tairi la tope hutakiwa kulitupa tope kila linapozunguka. Mfinyanzi ukijaa kwenye michano ile myembamba hautoki, na ndani ya mita chache unaendesha juu ya kipara. Tafuta meno makubwa yenye nafasi kubwa kati yake.

Mwanachama wa Jinja: Shikamoo mzee. Muuzaji ameniambia kwamba M+S ni tairi la hali zote na kwamba nisihangaike na alama nyingine. Gari ni Prado.

Jibu: Marahaba, mama. Kwenye magari ya aina ya Prado, M+S huonekana kwenye matairi mengi ya A/T yasiyo ya theluji, na hayo hayana ubaya kwa barabara zetu. Tazama kama kuna mchoro wa mlima au neno STUDLESS. Ukikuta STUDLESS, lirudishe. Ukikuta mlima kwenye tairi la A/T, si lazima kulikataa, kwa sababu yapo ya A/T yaliyofaulu kipimo cha theluji bila kuwa na mpira laini sana. Pima tarehe na namba ya uzito, kisha uamue.

Mwanachama wa Mbarara: Mdogo wangu anahamia Montreal, Kanada, mwezi wa tisa na atanunua gari kuukuu. Anauliza kama matairi mawili ya theluji kwenye magurudumu yanayovuta yatatosha.

Jibu: Hapana, anunue manne. Ya mbele peke yake yakishika, nyuma hubaki bila mshiko na gari hujizungusha dereva anapokanyaga breki kwenye kona. Tena Montreal iko Quebec, ambako sheria hulazimisha matairi ya baridi kuanzia tarehe 1 Desemba hadi 15 Machi. Ahakikishe yana mchoro wa mlima, na kama ni ya mitumba asichukue yenye meno chini ya milimita 4. Hata akipata gari linalovuta kwa magurudumu yote, hilo litamsaidia kuondoka tu. Kusimama hutegemea matairi. Mweleze pia kwamba barafu iliyo karibu na sifuri huteleza kuliko ile ya baridi kali, kwa sababu juu yake kuna maji. Siku za kuyeyuka ndizo za kupunguza mwendo zaidi. Na upepo aupime mara kwa mara, kwani hupungua PSI 1 hivi kila joto linaposhuka digrii 5 au 6.

Mwanachama wa Mbale: Tayari ninayo, na fedha ya manne mapya sina kwa sasa. Nifanye nini?

Jibu: Kaka, kama tarehe yake haijapita na ubavu hauna nyufa, endesha polepole, usijaze gari, epuka safari ndefu za mchana wa jua kali, na acha nafasi kubwa zaidi mbele yako. Ukipata fedha ya mawili, yafunge nyuma kwanza, kisha uongeze mengine mawili mapema iwezekanavyo. Kama yana nyufa, gari lisitoke nyumbani hadi upate mengine.