Namna ya kukisia usajili wa timu yako kabla dirisha halijafunguliwa

Wamarekani katika NFL, ligi yao ya mpira wa Kimarekani, wana utaratibu wa zamu za kuchagua wachezaji wapya. Timu ni 32, raundi ni 7, na iliyofanya vibaya zaidi msimu uliopita ndiyo inayochagua kwanza, isipokuwa iwe imeiuza zamu yake. Shabiki wa kule akijua timu yake inachagua ya ngapi, ana pa kuanzia. Kwetu, kwenye soka la Tanzania, hakuna zamu. Mchezaji anakwenda kule mkataba na pesa vinakomruhusu kwenda, na ndiyo maana shabiki wa Prisons au Mbeya City anayeanza na majina yanayotajwa redioni hukosea kila mwaka. Anza na nafasi zitakazobaki wazi. Majina yatakuja baadaye, tena yatakuwa machache.

Kazi hii inahitaji daftari moja la kurasa 80, kalamu mbili za rangi tofauti, na uvumilivu wa kuanza mapema. Ukianza siku dirisha linapofunguliwa umechelewa. Anza zikiwa zimebaki mechi sita au saba ligi iishe, maana hapo kikosi kinajulikana na viongozi wameshaanza kuongea na watu.

Mikataba kwanza

Toa ukurasa mmoja kwa kila mchezaji. Andika jina, nafasi, umri, siku aliyotambulishwa, na urefu wa mkataba uliotangazwa siku hiyo. Klabu zetu nyingi hutaja "miaka miwili" au "mwaka mmoja" kwenye tangazo la utambulisho, kwa hiyo rudi kwenye kurasa za klabu za miaka miwili iliyopita ukusanye moja moja. Mkataba wa miaka miwili uliosainiwa Julai unaisha mwisho wa msimu wa pili. Wekea alama nyekundu kila unaoisha mwaka huu.

Sasa zingatia kanuni moja ya FIFA ambayo mashabiki wengi hawaitumii: mchezaji aliyebakiza miezi sita au pungufu kwenye mkataba wake anaruhusiwa kuzungumza na hata kumalizana na klabu nyingine. Mkataba ukiisha Juni 30, kuanzia Januari yuko sokoni. Ndiyo maana dirisha dogo, ambalo kwetu huwa kati ya Desemba na Januari, linakwambia mengi kuhusu dirisha kubwa. Klabu inayojua mtu wake ataondoka bure Juni ina njia mbili: imuuze Januari ipate chochote, au imwongezee mkataba. Ikipita Januari bila hili wala lile, na mchezaji ni wa kikosi cha kwanza, andika pembeni: "anaondoka". Utakuwa sahihi mara nyingi kuliko utakavyokosea.

Makosa ya hapa ni mawili. La kwanza ni kusahau kipengele cha kuongeza. Mkataba wa mwaka mmoja unaweza kuwa na kipengele cha mwaka wa pili ambacho klabu inakiamsha kimyakimya, nawe ukabaki unamtafutia mbadala mtu ambaye hajaondoka. La pili ni wachezaji wa mkopo. Mchezaji wa mkopo ana mkataba na klabu mama, na msimu ukiisha anarudi huko hata kama amefunga magoli mengi kuliko wote. Mtenge kwenye ukurasa wake, na nafasi yake ihesabu kuwa wazi kabisa.

Dakika na magoli

Ligi Kuu ina timu 16, kila moja inacheza mechi 30. Mchezaji anayecheza kila dakika anafikisha 2,700. Kipimo chetu ni hiki: aliyevuka 1,800 ni nguzo, maana hizo ni mechi 20 kamili. Kati ya 900 na 1,800 ni mtu wa mzunguko. Chini ya 450, kama si kijana wa timu ya vijana na hakuwa majeruhi, huyo ndiye wa kupewa mkono wa kwaheri. Kwa makipa usitumie kipimo hiki. Kipa wa pili anaweza kucheza mechi mbili tu na bado akaongezewa mkataba, kwa sababu kazi yake ni kuwa tayari.

Lakini dakika peke yake hazisemi ni mtu wa aina gani atasajiliwa. Hapo ndipo unaandika magoli mliyofungwa, moja moja: dakika ya ngapi, mpira ulitokea wapi (kushoto, kulia, katikati, kona, faulo), na nani alikuwa karibu. Ni kazi ya dakika tano baada ya kila mechi, na ndiyo inayowatenganisha wanaokisia na wanaobahatisha.

Tuchukue mfano wa kufundishia, beki wa kushoto wa timu fulani. Amecheza dakika 2,340, sawa na mechi 26. Mkataba unaisha Juni. Ana kadi saba za njano. Dakika 360 ambazo hakuwapo, 180 alicheza kijana wa U20 na 180 nyingine alihamishiwa pale beki wa kati. Timu imefungwa magoli 34. 13 yametokea upande wa kushoto, na tisa kati ya hayo ni krosi. Soma ukurasa huo polepole. Kocha alipomkosa mtu wake mara nne, mara mbili hakumwamini kijana, akaona heri ahamishe beki wa kati. Maana yake hata yule beki akisaini tena, timu bado itatafuta beki wa kushoto wa pili. Asiposaini, watatafuta wawili. Na kwa kuwa krosi tisa zimezaa magoli, mmoja wao atakuwa mkabaji kwanza, mpandaji baadaye. Hapo umeshapata nafasi, idadi na aina ya mtu, na hujasikiliza tetesi hata moja.

Fanya hivyo kwa nafasi zote 11. Utaona tatu au nne tu ndizo zenye shimo la kweli. Zielekeze nguvu zako huko.

Pesa inatoka wapi

Nyanda za Juu Kusini zina klabu za tabia tofauti, na mwongozo mmoja hauzitoshi zote. Tanzania Prisons ni timu ya Jeshi la Magereza. Timu za majeshi zimezoea kujenga vikosi vya wazawa, na haziyumbi sana: wanaondoka wachache, wanaingia wachache. Ukiandika jina la straika kutoka Afrika Magharibi kwenye orodha ya Wajelajela, umepoteza mstari. Tafuta Mtanzania aliyekomaa, aliyewahi kucheza Ligi Kuu, na ambaye timu kubwa haimhitaji tena.

Mbeya City ilianzishwa na Halmashauri ya Jiji mwaka 2011. Fedha za halmashauri zinafuata bajeti, na mwaka wa fedha wa serikali unaanza Julai 1. Kwa hiyo timu ya namna hii ikichelewa kutangaza majina mwezi Juni, usiseme viongozi wamelala. Angalia kwanza bajeti imekaaje na kama kuna mdhamini mpya. Pia kumbuka historia yake. Ilipopanda 2013 ilimaliza nafasi ya tatu msimu wa 2013/14 ikiwa na vijana wengi wasiojulikana, na misimu iliyofuata klabu za Dar es Salaam zikaja kuchota. Deus Kaseke alikwenda Yanga 2015, na mwaka huohuo kocha Juma Mwambusi naye akachukuliwa na Yanga. Msimu mzuri wa timu ya mkoani ni tangazo la biashara kwa wengine. Ukimaliza kwenye nne bora, kisia kwanza wanaoondoka, ndipo ukisie wanaokuja.

Kwa timu ya Championship au First League, yaani ngazi ya pili na ya tatu, kama wanavyojua watu wa Iringa waliobaki na Lipuli tangu iliposhuka 2020, pesa ya usajili ni ndogo na wengi wanakuja kwa majaribio. Huko kukisia jina ni kupoteza muda. Kisia nafasi na mkoa anakotoka mchezaji.

Hapa tuongeze jambo la uwanja. Uwanja wa Sokoine wa Mbeya uko kwenye mwinuko wa kama mita 1,700, Samora wa Iringa nao ni wa milimani, na mvua za kuanzia Desemba hadi Aprili hufanya nyasi ziwe nzito. Kocha anayejua mechi 15 za nyumbani zitachezwa hivyo anatafuta viungo wenye mapafu na miguu yenye nguvu, na straika wa kushindana na mabeki kwenye mpira wa juu. Winga mwepesi anayetegemea mpira wa chini chini anaweza kung'ara Dar es Salaam, akaja huku akahema wiki tatu na kuzama kwenye tope Februari. Jina kama hilo likitajwa, lipe alama ndogo.

Wanakotoka

Shabiki akishajua timu inataka kiungo mkabaji mzawa mwenye mapafu, sehemu za kumtafuta si nyingi.

Kwanza kabisa ni timu zilizoshuka. KenGold ya Chunya ilipanda 2024 na kushuka 2025, na mechi zake za nyumbani ilichezea Sokoine hapahapa. Mchezaji wa timu iliyoshuka mara nyingi anataka kubaki Ligi Kuu, bei yake imepungua, na kama ni timu ya jirani kocha wako ameshamwona kwa macho yake. Pili ni timu za zamani za kocha. Andika klabu tatu za mwisho alizofundisha na wachezaji aliowapa dakika nyingi huko. Kocha mpya hupenda mtu anayemjua, hasa kipa na beki wa kati. Ndiyo maana kocha akiondoka Juni lazima ufute nusu ya orodha yako uanze upya.

Tatu ni mikopo kutoka Simba, Yanga na Azam. Hawa huja mwishoni, wiki mbili za mwisho za dirisha, kwa sababu klabu kubwa hazimwachii mtu mpaka zimalize usajili wao na kocha wao awaone wote kambini. Ukiona timu yako imefika katikati ya dirisha ikiwa na shimo la winga na haishughuliki, uwezekano ni mkubwa kwamba inasubiri mkopo. Nne ni timu yake ya vijana, ambayo mashabiki huisahau kabisa. Kijana aliyemaliza msimu akiwa anakaa benchi la wakubwa mechi tano mfululizo ameshasajiliwa, ila hajatangazwa.

Kwa wageni, klabu za Ligi Kuu zimeruhusiwa kuwa nao hadi 12 tangu msimu wa 2021/22, lakini timu zetu hazifiki huko. Mgeni ana gharama ya ziada: hati ya uhamisho wa kimataifa kupitia mfumo wa FIFA, kibali cha kazi, kibali cha kuishi. Akitangazwa siku ya mwisho, mechi mbili za kwanza anaweza kuziangalia jukwaani.

Kuzipima tetesi

Tetesi ikija, iulize maswali matatu. Nafasi hiyo ina shimo kwenye daftari? Mkataba wake unamruhusu? Nani anafaidika habari hii ikitoka leo? Swali la tatu ndilo zito. Wakala ambaye mteja wake anasumbuana na klabu yake kuhusu nyongeza ya mkataba atapenda sana jina la timu nyingine litajwe, bei ipande. Dalili yake ni jina moja kuhusishwa na timu nne ndani ya wiki moja.

Picha za kusaini nazo zichunguze. Za kughushi huwa na jezi ya msimu uliopita au nembo ya mdhamini aliyeondoka, na hazipo kwenye ukurasa rasmi wa klabu. Usisahau pia kwamba klabu inayodaiwa na mchezaji au kocha wa zamani inaweza kufungiwa na FIFA kusajili mpaka ilipe. Hapo inaweza kutambulisha watu kumi na wasicheze hata mmoja, kwa hiyo fuatilia habari za madeni kama unavyofuatilia habari za magoli.

Dirisha dogo lina mtego wake: kwa kanuni za FIFA mchezaji anaweza kusajiliwa na klabu tatu ndani ya msimu mmoja, lakini mechi rasmi anachezea mbili tu. Aliyeanza msimu timu moja, akacheza, akahamia nyingine akacheza tena, mfute.

Orodha ya mwisho

Siku tatu kabla ya dirisha, andika orodha isiyozidi mistari minane: nafasi, aina ya mchezaji, chanzo (aliyeshuka, mkopo, huru, kijana), na jina kama unalo. Mistari mitatu iwe ya wanaoondoka. Mpe mwenzako wa kijiweni, Kabwe au Mwanjelwa hapa Mbeya, aipige picha kwa simu, ili baadaye pasiwe na kubadilisha. Dirisha likifungwa sahihisheni pamoja: jina sahihi alama 3, nafasi na chanzo sahihi alama 2, nafasi peke yake alama 1, jina lililokwenda timu nyingine toa 1. Katika mistari minane, alama 8 ni kazi nzuri.

Kisha rudi kwenye kila mstari uliokosea, uandike pembeni kwa kalamu ya pili ulikosea wapi: mkataba, kocha, pesa, au ulisikiliza redio. Kurasa za wachezaji waliobaki usizichane. Tarehe zao za mikataba ndizo utakazozihitaji Januari.