Upungufu wa damu kwa mgonjwa wa moyo ulioshindwa: pima chuma kabla ya kutoa vidonge

Mgonjwa ambaye moyo wake umeshindwa kufanya kazi akianza kuhema kwa kazi ndogo, wengi humwongezea tu dawa ya kukojoa. Pima damu kwanza. Hemoglobini chini ya gramu 13 kwa desilita kwa mwanamume, au chini ya 12 kwa mwanamke asiye mjamzito, ni upungufu wa damu. Lakini usiishie hapo: chuma huweza kupungua huku hemoglobini ikiwa bado nzuri, na mgonjwa akachoka vilevile.

Agiza feritini (protini inayoonyesha akiba ya chuma) pamoja na asilimia ya transferini (protini inayosafirisha chuma kwenye damu) iliyobeba chuma. Feritini chini ya nanogramu 100 kwa mililita ni upungufu wa chuma. Ikiwa kati ya 100 na 299, upungufu upo endapo transferini iliyobeba chuma iko chini ya asilimia 20. Mipaka iko juu hivi kwa sababu ugonjwa wenyewe huamsha kinga ya mwili, na kinga ikiamka, feritini hupanda hata akiba ya chuma ikiwa inaisha.

Kisha tafuta chanzo. Aspirini na dawa za kuzuia damu kuganda huweza kuvujisha damu tumboni kidogo kidogo, kwa hiyo uliza kuhusu choo cheusi kinachonata. Uliza kabla hajaanza vidonge vya chuma, maana navyo hufanya choo kiwe cheusi. Pima figo, vitamini B12 na foleti. Kama amevimba miguu, kumbuka maji yaliyozidi huizimua damu. Rudia kipimo maji yakishapungua.

Vidonge vya chuma havisaidii sana hapa. Homoni ya hepsidini, ikipanda, huzuia chuma kupita kwenye utumbo. Katika jaribio la IRONOUT HF la mwaka 2017, miligramu 150 mara mbili kwa siku kwa wiki 16 hazikuongeza uwezo wa wagonjwa kufanya mazoezi. Toa chuma kwa mshipa, hasa kwa mgonjwa ambaye nguvu ya moyo kusukuma damu imeshuka.

Kwa feriki kaboksimaltosi, aina ya chuma cha mshipa, mwenye hemoglobini ya 10 hadi chini ya 14 hupewa jumla ya miligramu 1000 akiwa na uzito chini ya kilo 70, au 1500 akifikia kilo 70 na zaidi. Hemoglobini ikiwa chini ya 10, jumla ni 1500 au 2000 kwa uzito huohuo. Usizidishe 1000 kwa wiki, wala miligramu 20 kwa kila kilo kwa dripu moja. Changanya 1000 kwenye salini (maji ya chumvi ya dripu) isiyozidi mililita 250, kwani ikizimuliwa mno dawa hupoteza uthabiti. Iendeshe kwa dakika 15 au zaidi, kisha mwangalie kwa dakika 30.

Hakikisha kanula iko ndani ya mshipa kwa kupitisha salini kwanza. Dawa ikivuja nje huacha doa la kahawia linaloweza kudumu miaka. Mkono ukiuma au kuvimba, funga dripu papo hapo.

Usirudie feritini kabla ya wiki 4 kupita tangu dripu, itakudanganya kwa kuwa juu.

Sindano za kuchochea uboho utengeneze damu zisitumike kutibu moyo: jaribio la RED-HF la mwaka 2013 halikuonyesha faida, na damu kuganda kuliongezeka. Akihitaji kuongezewa damu, toa uniti moja moja, polepole, isizidi saa 4, dawa ya kukojoa ya furosemaidi ikiwa karibu. Akianza kukohoa au kushindwa kulala chali, simamisha damu na mkalishe wima.