Njia ya nodi: betri mbili, mzigo mmoja

Betri mbili za sola zimefungwa sambamba. Zilipopimwa kila moja peke yake bila mzigo (kifaa kinachotumia umeme), A ilisoma volti 12.6 na B, iliyochoka, 11.8. Ukinzani wa ndani wa A ni omu 0.1, wa B omu 0.2. Mzigo ni omu 2. Kila betri inatoa ampea ngapi? Usikisie kwamba zinagawana nusu kwa nusu.

1. Chora kila betri kama chanzo chenye rizista yake ya ndani. Chanya zote mbili na upande mmoja wa mzigo ni nodi moja (sehemu waya zinapoungana, yenye volti moja), hata zikiwa mbali kwenye mchoro. Hapa ndipo wengi wanapokosea: waya mtupu hautengi nodi.

2. Upande wa hasi uwe sifuri. Nodi ya juu iite V.

3. Tumia kanuni ya mkondo ya Kirchhoff (1845): unaoingia kwenye nodi ni sawa na unaotoka. Chukulia betri zote zinaingiza, mzigo unatoa, na usibadili mwelekeo katikati ya hesabu:

(12.6 − V)/0.1 + (11.8 − V)/0.2 = V/2

4. Inakuwa 126 + 59 = 15.5V, hivyo V = 11.935.

5. Rudisha V kwenye kila tawi. A: ampea 6.65. B: −0.68. Mzigo: 5.97.

Alama ya kutoa si kosa. Inasema B haitoi chochote, inachajiwa na A. Hakiki: 6.65 − 0.68 = 5.97.

Usikate desimali mapema. Ukiandika V = 12, A inakuwa 6, B −1, mzigo 6, na hesabu haifungi. Ukinzani ukiwa mdogo, kosa dogo la volti huzaa kosa kubwa la ampea.

Swali: Mwalimu, nikizima mzigo mkondo unakoma?
Jibu: Haukomi. A itaendelea kuisukumia B: (12.6 − 11.8)/0.3 = ampea 2.67, ikipungua kadiri volti zao zinavyokaribiana. Ndiyo maana betri nzima haifungwi sambamba na iliyochoka.

Swali: Kama chanzo hakina rizista, nagawanya kwa sifuri?
Jibu: Usigawanye. Kikiwa kati ya nodi na sifuri, volti ya nodi hiyo unaijua tayari. Kikiwa kati ya nodi mbili usizozijua, zizungushie duara zote mbili, andika mlinganyo mmoja wa mikondo inayovuka duara, kisha ongeza V1 − V2 = volti ya chanzo.

Swali: Lini nitumie vitanzi (njia za mkondo zinazozunguka na kujifunga) badala ya nodi?
Jibu: Hesabu kwanza. Nodi zinahitaji milinganyo N − 1, vitanzi M − N + 1, N ikiwa idadi ya nodi zote pamoja na ya sifuri, M idadi ya matawi (njia kati ya nodi mbili). Hapa N ni 2 na M ni 3: nodi mlinganyo mmoja, vitanzi miwili.