Namna ya Kusoma Jedwali la Kriketi la Uingereza na Australia, 1882 na 1883

Vijana wanaoketi nami barazani hapa Lamu baada ya swala ya alasiri wameniuliza zaidi ya mara moja vipi Uingereza, iliyopata mikimbio (ndizo alama za kriketi) 101 katika zamu yake ya kwanza ya kupiga, ilishindwa na Australia iliyopata 63 tu. Swali hilo ni mlango mzuri wa kuingilia, kwa hiyo chukua karatasi na kalamu, uanze na mechi hiyo iliyochezwa The Oval, London, tarehe 28 na 29 Agosti 1882.

Kabla ya kuandika tarakimu yoyote, ulizia hali ya hewa. Kwetu hakuna anayesimulia mashindano ya mashua bila kutaja upepo wa siku ile, na kriketi ya kale nayo haisomeki bila kujua mvua, kwa sababu ardhi iliyolowa iliufanya mpira udunde kwa namna isiyotabirika, na mikimbio 100 ikawa mali nyingi. Asiyejua hilo atawadhania wapigaji wa zamani kuwa dhaifu, nami naliona hilo kuwa kosa kubwa kuliko yote.

Sasa andika zamu nne, mbili kwa kila timu, kwa mpangilio wake: Australia 63, Uingereza 101, Australia 122, Uingereza 77. Jumlisha za kila upande, utapata 185 kwa 178, yaani ushindi wa mikimbio 7. Usiishie hapo, bali tafuta mahali mchezo ulipogeuka. Katika zamu ya tatu, Hugh Massie peke yake alipata 55, karibu nusu ya mikimbio yote ya timu yake. Katika zamu ya nne Uingereza ilihitaji 85, ikafika 51 kwa kupoteza wapigaji wawili tu, kisha wanane wengine wakatolewa kwa nyongeza ya 26 pekee. Angalia safu ya warushaji umwone Fred Spofforth wa Australia, aliyewatoa wapigaji saba katika kila zamu. Ukikuta kwamba katika zamu ya mwisho alirusha ova 28, yaani mafungu 28 ya mipira, kumbuka kuwa ova ya wakati huo ilikuwa na mipira minne, si sita. Hiyo ni mipira 112, ambayo leo haifiki hata ova 19.

Baada ya kushindwa huko, gazeti moja la London liliandika tanzia ya kriketi ya Uingereza, likisema mwili utachomwa na majivu yapelekwe Australia. Ivo Bligh akaongoza timu ya Uingereza kwenda kuyarudisha majivu hayo. Kwa sisi watu wa bahari, safari yenyewe inastahili mstari wake katika karatasi: meli yao, Peshawur, iligongana na nyingine karibu na Colombo, na mrushaji wao Fred Morley akaumia mbavu.

Mechi ya kwanza, Melbourne, Australia ilishinda kwa wiketi 9. Namna hii ya kutaja ushindi hutumika timu inayopiga mwisho inapolifikia lengo, na hesabu ni ya wiketi zilizobaki kati ya kumi, yaani mara ambazo wapigaji wake wangeweza bado kutolewa. Mechi ya pili, hapo hapo Melbourne, itakufundisha namna nyingine: Uingereza 294, Australia 114 na 153. Zamu mbili za Australia zikijumlishwa ni 267, nazo hazikuifikia zamu moja ya Uingereza, ndiyo maana huandikwa kuwa Uingereza ilishinda kwa zamu moja na mikimbio 27. Billy Bates wa Uingereza aliwatoa wapigaji 14 katika mechi hiyo, watatu kati yao kwa mipira mitatu mfululizo. Ya tatu, Sydney, ilikwenda kwa Uingereza kwa mikimbio 69.

Hapo piga mstari. Mechi ya nne, ambayo Australia ilishinda kwa wiketi 4, iongeze chini ya mstari huo, kwa kuwa Bligh alikwenda kushindania mechi tatu dhidi ya kikosi cha nahodha wa Australia, Billy Murdoch, kilichokuwa kimezuru Uingereza. Ndiyo sababu utakuta matokeo ya 2 kwa 1 mahali pamoja na 2 kwa 2 mahali pengine. Mimi huandika 2 kwa 1 juu ya mstari, na chini yake huiandika ile ya nne peke yake pamoja na tarehe yake, Februari 1883.